Watoto Wawili wa Simeoni

"Simeoni ana watoto wawili kwenye Mfuko," karani alisema kupitia dirisha la hospitali ya mgodi, "na wote ni wavulana. Huyu simjui."

Huyu nilikuwa mimi. Nilikuwa mgongoni mwa mama, mkubwa mno wa kubebwa, mguu wangu wa kulia umefungwa kipande cha kanga kilicholowa usaha. Mama alimwambia kwamba huyu ni Lea, na kwamba kambi nzima inamwita mume wake Baba Lea, hata yeye karani Antipasi. Karani alikubali kwamba anamwita hivyo. Kumwita ni kumwita, akasema, na Mfuko ni Mfuko.

"Basi nitajie hao wavulana."

"Siwezi, mama. Aliyewaandikisha ni mwanachama. Ni haki yake kusema au kunyamaza. Kamwulize mwenyewe."

Enzi zile za Mwingereza, mgodi wetu wa dhahabu, huko bondeni upande wa Shelui, ulikuwa na Mfuko wa Matibabu. Kampuni ilikata kidogo kwenye mshahara wa kila mfanyakazi, nayo ikaongeza ya kwake. Mwanachama alitibiwa bure, pamoja na mke mmoja na watoto wawili. Kwa nini wawili, hakuna aliyetueleza. Nadhani bwana mkubwa mwenyewe alikuwa na wawili. Asiye kwenye Mfuko alilipa, na malipo yenyewe yalikuwa ya kumcheka maskini.

Dresa, yule msaidizi wa daktari, alitoka akanifungua kitambaa palepale kwenye ngazi. Aliubonyeza mguu, nikapiga ukelele. Alimwambia mama kwa sauti ya chini kwamba uozo umefika kwenye mfupa. Nikipasuliwa mapema nitatembea. Nikicheleweshwa, mguu utakatwa, na hapo tena hana ahadi.

Tulirudi kambini. Mama alikuwa amezaa wasichana tu, mimi na Esta aliyekuwa bado ananyonya. Nilikuwa nimelala kifudifudi mgongoni mwake, na niliusikia umekakamaa kama ubao. Wavulana wawili! Hata mimi, kwa akili yangu ya kitoto, nilijua wavulana hawaoti porini.

Kuanzia siku ile nyumba yetu ikawa na macho. Mama alinusa koti la baba kabla ya kulifua. Kila mwisho wa mwezi baba alidandia lori kwenda Iguguno na chumvi, sukari na sabuni, kwa dada yake Dina, na mama alikuwa akimfungia mzigo huo kwa mikono yake. Sasa aliutazama kwa jicho la pembeni. Dada gani anamaliza sukari ya namna ile? Na mbona baba hurudi amenyolewa vizuri?

Mama hakumwuliza. Nadhani aliliogopa jibu kuliko alivyouogopa mguu. Aliniachia mimi kazi ya ushushushu, nami niliifanya kwa moyo wote, maana nilikuwa na hasira.

"Baba, kwa shangazi kuna watoto wangapi?"

"Watoto hawahesabiwi, Lea," akanijibu kwa ukali kidogo, kisha akanikuna kichwa.

Nilipeleka jibu hilo jikoni. Mama alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa ushahidi.

Homa iliponipanda, mama alimwita kaka yake Isaka, mjomba wangu, aliyekuwa akilima mtama kule juu mlimani. Alikuja na mkuki wake, sijui kwa nini. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimelala. Baba alipotoka shimoni, bado ana vumbi la mawe kwenye nyusi, alimkuta ameketi kwenye kiti chake.

"Shemeji," mjomba alisema, "umeandikisha watoto wa nani mgodini?"

Baba hakushtuka. Hilo ndilo lililotuchanganya. Alikuwa kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Watoto wangu. Andrea na Alute."

"Wa mwanamke gani?" Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Wa Dina! Wa dada yangu! Karani aliniuliza watoto wangu ni akina nani. Ningemtaja nani mwingine?"

Nikamwona mjomba anainamisha kichwa. Alikuwa amekuja kugombana, na sasa hakuwa na la kugombania. Kwetu Wanyiramba wa siku zile, mtoto alikuwa wa upande wa mama yake. Ng'ombe wa mwanaume walirithiwa na wapwa zake, na mimi nilikuwa wa ukoo wa mama na wa mjomba Isaka. Baba hakumficha mtu. Alijibu alivyofundishwa tangu utoto.

"Lea ana wewe, shemeji," baba alisema, kwa upole kabisa.

"Ana mimi," mjomba akajibu. "Lakini mimi sina mgodi."

Mama aliketi chini. Nilidhani atafurahi kwamba hakuna mke mwingine. Alilia. Nami nililia, maana kama angekuwapo mke mwingine ningemchukia huyo, lakini sasa sikujua nimchukie nani.

Asubuhi baba alikwenda dirishani. Antipasi alimweleza kwamba mwanachama ana haki ya kubadilisha majina, mradi aje mwenyewe, lakini nafasi ni mbili. Akiingia mmoja, mmoja anatoka. Na Andrea alikuwa na kifua kibovu, dawa yake ilitoka hospitali ileile. Baba akarudi kutuambia hawezi kumtoa mtoto wa dada yake bila kumwuliza dada. Akadandia lori.

"Harudi huyo," mama alisema, akinikanda mguu kwa maji ya moto. "Dina atamwambia mguu mmoja unatosha kuolewa."

Nilimwamini. Niliusikiliza kila mlio wa lori kule barabarani na sikutarajia chochote.

Alirudi na shangazi mwenyewe. Mwanamke mrefu, mkavu, hakutusalimu vizuri. Alinitazama mguu, akafunika pua, akasema, "Mtoe Alute. Ana nguvu." Tukaenda sote, baba amenibeba.

Antipasi aliuliza jina langu, akauliza la mama, Selina. Kisha akamtazama baba.

"Huyu ni nani wako?"

"Ni mtoto wa Selina," baba alisema.

"Siwezi kumwingiza kwa hilo. Mfuko ni wa watoto wa mwanachama. Nataka nisikie kutoka mdomoni mwako."

Baba aligeuka kumtazama dada yake. Shangazi alikuwa nyuma yetu, ameikunja mikono. Nilisikia moyo wa baba ukigonga ubavuni mwangu, na niliomba aseme, na papo hapo nilishuku kwamba hatasema.

"Ni wangu," akasema.

Nilipasuliwa siku ileile. Leo natembea, nachechemea kidogo wakati wa baridi.

Neno hilo alilisema kwa Kiswahili, lugha ya dirishani. Aliishi miaka mingi baada ya pale, na nyumbani tuliongea Kinyiramba. Kwa Kinyiramba sikumsikia akilisema, na mimi sikumwuliza.