Mgongo wa Malkia

Shangazi hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Kazi yake ilikuwa kuvalisha waigizaji kwenye studio ya televisheni, na huko hata mkurugenzi alijua kuwa mama yule hunyamaza tu akiwa na pini mdomoni. Lakini studio ilikuwa na mwiko wake mmoja, na huo aliuheshimu: ya nyuma ya kamera hayatoki nje. Hata nyumbani kwa kaka yake, alikokuwa akiishi, hakuyasema.

Mwiko huo ndio uliomponza binti wa kaka yake, waliyempachika jina la Kipusa. Jioni moja Shangazi alirudi na gauni jekundu la ule mchezo uliokuwa ukiwakalisha wasichana wote mbele ya televisheni, ili alishone pindo lililofumuka. Alipoingia kuoga, Kipusa akalivaa. Zipu ikapanda mpaka kiunoni, ikagoma. Akabana pumzi, akaingiza tumbo ndani, wapi! Na kwenye televisheni Malkia, ndivyo walivyomwita yule mwigizaji, gauni lilelile lilimkaa utadhani amezaliwa nalo.

Tangu siku hiyo Kipusa akawa mtu wa kushiba. Asubuhi ameshiba, mchana ameshiba, usiku kichwa kinamuuma. Chakula alikizungusha kwenye sahani kama anatafuta sindano iliyodondoka. Baba yake akasema ni mitihani, na Shangazi naye akaamini ni mitihani, mpaka siku mtoto alipoanguka mstarini shuleni, akaletwa nyumbani midomo imemkauka.

"Nani kakuroga wewe?" Shangazi akamuuliza, kwa ukali wa mtu aliyeogopa.

"Hakuna. Ni unene wangu tu." Machozi yakamtoka. "Lile gauni jekundu nililijaribu, Shangazi. Halikunienea. Mbona Malkia linamwenea?"

Lo! Shangazi akakaa kitandani bila kupenda. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hiki yeye mwenyewe alikibeba kutoka kazini, kimekunjwa vizuri ndani ya mfuko. Roho ilimuuma.

Angeweza kumwambia ukweli palepale. Lakini alimjua mtoto wake: damu moja, ubishi mmoja. Angesema shangazi anambembeleza tu. "Kesho unakwenda na mimi kazini," akasema. "Wakinifukuza, wanifukuze. Cherehani ninayo."

Kesho yake wakaingia studio, wakipita juu ya nyaya na nyuma ya kuta za mbao zilizopakwa rangi upande mmoja tu. Malkia alikuwa amesimama mbele ya kamera ndani ya gauni jekundu, shingo juu, anamfokea mume wa kuigiza. Kipusa akaubana mkono wa Shangazi.

"Si unaona? Limemwenea."

"Tulia, usiwe na papara."

"Kata!" mkurugenzi akapaza sauti, na Malkia akageuka.

Mgongo wote ulikuwa wazi. Zipu ilikuwa imekwama kiunoni, palepale ilipomgomea Kipusa, na juu yake mikanda ya lastiki ilikuwa imevutwa huku na huku, ikakamatwa kwa vibanio vya kuanikia nguo.

"Kumbe!" Kipusa akasema kwa sauti. "Kumbe halimwenei!"

"Halijawahi kumwenea mtu," Shangazi akasema. "Lilikuja dogo, wakubwa wakalipenda rangi, nikaambiwa nitajua mwenyewe la kufanya. Kamera haina shida na mgongo."

Mkurugenzi akakunja uso. "Mama, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana kabla mtoto wangu hajaanguka," Shangazi akajibu bila hata kumtazama. Mkurugenzi akaona heri akaangalie taa zake.

Lakini Kipusa hakuwa amemaliza. "Hata hivyo," akanong'ona, "yeye bado ni mwembamba kuliko mimi."

Hapo Malkia akawasogelea, anatembea kwa hatua za kuhesabu, akampa Kipusa mgongo.

"Mdogo wangu, hebu nifungulie. Hata kukaa siwezi."

Kipusa akatoa kibanio kimoja, akatoa cha pili. Kila lastiki iliyolegea iliacha mstari kwenye ngozi, mingine myekundu, mingine ya siku nyingi, imeshakuwa myeusi. Tumbo la Malkia likanguruma, wakasikia wote.

"Dada, hujala?"

"Tangu jana. Siku za gauni hili huwa sili." Malkia akageuza shingo, akayaona macho ya mtoto, akacheka kidogo. "Usinionee huruma bwana. Nimeshazoea."

Kipusa akaitazama ile mistari, vibanio vimemjaa mkononi.

"Mimi sitaki kuzoea," akasema. Kisha akamgeukia shangazi yake. "Shangazi, nina njaa."