Mkate wa Doniyor Juu ya Koili

Panya walipoingia jikoni kwake Tashkenti, Muhabbat aliutungua ukutani mkate wa mwanawe, akaupeleka maabara alikofanya kazi na kuutundika kwenye msumari juu ya koili, bomba la waya uliozungushwa. Doniyor aliung'ata mara moja asubuhi aliyoondoka kwenda kujenga maghorofa kwenye nchi ya theluji. Kwa desturi yao, mkate wa msafiri humngoja mpaka arudi aumalize.

"Wa nani huu?" akauliza Mzee Ergash, mkuu wa maabara.

"Wa Doniyor."

"Basi usiguswe."

Muhabbat akasema bismillahi, akabonyeza swichi. Umeme ukamiminika kwenye koili kwa mkupuo mmoja. Ufito wa chuma uliokuwa katikati ukarefuka kwa kiasi kisichofikia unene wa unywele, ukatetemeka ukiimba, kisha ukarudi ulivyokuwa. Ulipokuwa ukiimba, Doniyor alisimama kando ya meza, theluji mabegani, mwiko wa saruji mkononi.

"Mama, ume—" akasema, akatoweka.

Muhabbat akapangusa maji ya theluji sakafuni. Mitambo ilichukua muda wa birika kuchemka kujaa umeme tena. Akabonyeza, Doniyor akarudi na neno lake.

"—nenepa!"

"Mtovu wa adabu! Njoo nyumbani ule pilau nawe unenepe!"

"Pasi—" Muhabbat na Mzee Ergash wakanywa chai wakingoja. "—poti kaishika bosi. Hatoi."

Mzee Ergash akasema ufito mrefu huimba kwa muda zaidi, akakata mwingine. Kwa hiyo dada yake Doniyor, Zulhumor, alipoolewa, harusi ilihamia maabara, pamoja na sufuria la pilau na wapiga matari. Mpigo mmoja wa umeme Doniyor aliinua mikono, uliofuata akazunguka, uliofuata mdomo umejaa nyama. Shangazi zake wakarusha peremende.

"Shemeji, ukimliza dada yangu—" Matari yakalia mpaka mitambo ikajaa. "—nitakuja!"

"Utakuja na nini? Pasipoti huna!" akajibu bwana harusi.

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mpigo uliofuata ulimkuta Doniyor naye akicheka.

Wageni walipoondoka, Muhabbat akautungua mkate, akabonyeza, akamsogezea mdomoni.

"Ng'ata, mwanangu. Umalize."

Doniyor akaunusa, akatikisa kichwa.

"Bado, mama. Sija—"

Muhabbat akangoja, mkate mikononi.

"—rudi."

Muhabbat akasema alhamdulillahi, akautundika mkate mahali pake. Kisha akajaza umeme tena, maana alikuwa hajamuuliza kama amevaa soksi za sufu.