Dole Gumba la Fundi

Mume wangu aligoma kusema nami Jumatatu. Jumatano, dole gumba lake la mguu likamgomea yeye.

Mtaa mzima humwita Fundi, nami pia, kwa sababu mkono wake kwenye kitambaa siwezi kuunyima sifa. Mletee kitambaa kilichokatwa ovyo na mtu mwingine, atakigeuza geuza, ataguna, na jioni utaondoka na gauni. Tatizo ni kichwa chake, ambacho ni kigumu, na tumbo lake, ambalo halisikii la mtu.

Daktari alishamwambia, mimi nikiwa nimekaa pale pale pembeni. Hayo maumivu yanayomvamia kwenye dole gumba ni jongo, ambalo wengine huliita gauti. Damu yake ina asidi nyingi kuliko figo zinavyoweza kuitoa, na asidi ile hukimbilia kwenye kiungo ikajigeuza chembechembe kali. Apunguze nyama nyekundu, maini na figo aachane navyo kabisa, pombe aisahau, maji anywe ya kutosha, na vidonge ameze kila siku hata kama haumwi. Fundi aliitikia kila neno kwa adabu. Tulipotoka nje akaniuliza kama nimeona jinsi koti la daktari lilivyoshonwa vibaya mabegani.

Kwa muda alitulia. Halafu akaanza safari za kwenda kununua uzi, na kila akirudi, midomo inang'aa mafuta. Uzi hauna mafuta. Siku ya Jumatatu nikamfuata kimyakimya mpaka kwenye bucha ya pale kona, ambayo ina jiko kwa nyuma na ambayo mwenyewe ni rafiki yake tangu wako shule. Nikamkuta Fundi amekaa juu ya kreti, sahani ya maini ya kukaanga iko magotini, amefumba macho kwa utamu.

Sikupiga kelele. Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, ila bucha ilikuwa imejaa watu.

"Huyu mume wangu ana jongo," nilimwambia mwenye bucha. "Ukimpa maini tena, siku akishindwa kusimama utakuja kumwogesha wewe."

Watu wakacheka mpaka mmoja akaangusha kifurushi chake. Fundi aliongoza njia ya nyumbani bila kugeuka nyuma. Tulipofika akala kiapo: hatasema nami neno lolote mpaka nirudi bucha nimtake radhi mbele ya watu wale wale. Nami nikamjibu kwamba sirudi ng'o. Nilikuwa na hasira, sikatai, lakini chini ya hasira ile kulikuwa na hofu. Daktari alisema jongo likiachwa linaharibu viungo, na figo nazo haziko salama. Nataka kuzeeka na mtu anayetembea, tena huyu huyu, na kichwa chake hicho hicho.

Basi tukanuniana. Jumatano asubuhi nikasikia mlio ambao sijui niuiteje, na nilipogeuka nikaona dole gumba lake limevimba, jekundu, linang'aa. Shuka likiligusa anaruka. Nikipita karibu tu na upepo wa gauni langu, anakunja uso. Yote hayo aliulalamikia ukuta, maana mimi nilikuwa nimefutwa kwenye orodha ya wanaosemeshwa. Nikamletea vidonge na maji. Nikafunga barafu kwenye taulo nikaiweka, nikauinua mguu juu ya mto, na ili shuka lisimguse nikatafuta katoni lililokuja na nyuzi, nikalikata upande mmoja na kuufunika mguu nalo kama kibanda. Alilala hivyo, mwenzangu, mguu mmoja ndani ya kibanda, na neno la asante halikumtoka.

Sasa, chumba chetu cha mbele ndicho duka, na katikati ya duka lile lilikuwa limetundikwa gauni la bibi harusi, limekatwa, limebanwa pini, halijashonwa. Harusi ni Jumamosi. Mama wa bibi harusi angekuja Ijumaa kulichukua, na mama yule ana mdomo unaosikika mtaa wa pili: akikusifu unapata wateja hadi unakosa pa kuwakalisha, akikusema vibaya bora ufunge mlango uuze mkaa.

Na cherehani yetu ni ya kukanyaga. Fundi hataki kusikia habari ya ile ya umeme, anasema inakimbia bila kumwuliza.

Alichechemea mpaka kwenye kiti, mguu mbovu akautandaza juu ya kigoda, akajaribu kukanyaga kwa ule mzima. Kila pedali ilipozama, mwili wote ulitikisika, na kila mwili ulipotikisika dole nalo lilijibu. Baada ya mshono mfupi kama ukucha jasho lilikuwa linamtiririka. Akaliangalia gauni. Akaliangalia dole. Sijawahi kumwona mume wangu akiwa na sura ile, ya mtu aliyeporwa kitu chake mwenyewe, na roho iliniuma.

Nikaivuta cherehani kutoka ukutani, nikaleta stuli, nikakaa upande wa pili nikitazamana naye, nikaweka miguu yangu kwenye pedali. Alitaka kunifukuza, nilimwona kabisa. Lakini angenifukuzaje, na ameapa kutosema nami?

Asiyejua cherehani hudhani kukanyaga ni kukanyaga tu. Mkono ndio unaoanzisha gurudumu, miguu inafuata. Miguu ikitangulia, gurudumu linazunguka kinyume, uzi unakatika. Mimi nilitangulia. Uzi ukakatika. Akatunga tena, nikatangulia tena.

"Cherehani hii leo ina haraka," Fundi aliiambia cherehani. "Sijui inakimbilia wapi."

"Cherehani ingeambiwa mapema kwamba inatakiwa kusubiri," niliuambia mkasi, "ingesubiri."

"Gurudumu likianza, ndipo mguu," aliuambia uzi huku akiutunga.

"Mkasi umesikia," nikasema.

Tukaenda hivyo. Kidogo kidogo nikaanza kumsoma. Akitaka taratibu, kiganja chake kinaligusa gurudumu, na uzito ule naupata kwenye nyayo. Akiachia, najua mbele ni mshono mrefu ulionyooka, nami natimua mbio. Tulipofika shingoni, penye lesi inayozunguka, alishusha mwendo mpaka sindano ikawa inatembea hatua moja moja, nami nikawa nafinya pedali kwa vidole tu. Siku zote nilidhani anashona kwa mikono. Kumbe nusu ya ufundi wake ilikuwa chini ya meza, na mimi nimeolewa naye miaka yote sijawahi kuinama kuutazama.

Wateja waliokuja walitushangaa na kutuachia tiba. Mmoja alisema dole lifungwe jani la kabeji. Mwingine alisema shemeji yake aliponeshwa kwa kusimama kwenye mchanga wa moto, ingawa alipoulizwa shemeji huyo yuko wapi alisema bado hajaanza kutembea. Fundi aliwashukuru wote, akameza vidonge vya daktari na maji yake. Nilijifanya sijaona.

Alhamisi mchana mwenye bucha akapiga hodi. Alikuwa amebeba sufuria iliyofunikwa sahani, na harufu ilimtangulia ndani.

"Shemeji, habari za kuuguza?" alinisalimia, kisha akamgeukia mwenzake. "Nimesikia umeanguka, ndugu yangu. Nimekuletea supu ya kukuinua. Maini yamo, figo zimo, sikubania kitu."

Alikuwa anacheka, hakuwa na ubaya. Mimi nilikuwa na maneno ya kumwambia, tena mengi, yamejipanga mlangoni. Lakini nilijua nikiyatoa, Fundi atakula supu ile kwa hasira tu, hata kama ingekuwa ya mawe. Nikauuma ulimi. Nikainua miguu yangu kutoka kwenye pedali, basi. Sindano ikasimama katikati ya pindo.

Fundi aliangalia sindano iliyosimama. Aliangalia sufuria. Akameza mate, nikaliona koo lake likipanda na kushuka.

"Mke wangu alishakwambia," akasema.

"Alah, si alikuwa anatania?"

"Hakuwa anatania. Rudi nayo. Na wale waliokuwepo siku ile, ukiwaona, waambie nimesema mwenyewe: alikuwa sahihi."

Mwenye bucha akabaki ameshika sufuria yake, hajui aiweke wapi. Mwishowe akatoka, na harufu ikamfuata polepole. Nilitazama dirishani kwa sababu macho yangu yalikuwa yameanza kunisaliti.

"Cherehani iko tayari?" Fundi akaiuliza cherehani.

"Iko tayari," nikajibu mimi mwenyewe, na mkasi nikauacha upumzike.

Ijumaa mama wa bibi harusi aliingia, akatukuta tumekabiliana kama wacheza bao. Alilichukua gauni, akaligeuza ndani nje, akavaa miwani, akatafuta kosa kutoka begani mpaka chini. Alipolikosa alionekana kukasirika kidogo. Akaliinua pindo karibu na pua.

"Huu mshono kashona nani?"

"Sisi," akasema Fundi.

Mama alinitazama, akamtazama, akatazama miguu yangu pekupeku kwenye pedali. Alitusifu mtaani mpaka ikawa kero, kwa sababu wateja walikuja na sehemu ya kukaa hatukuwa nayo.

Jongo halikai milele ukilitunza. Uvimbe ulishuka, wekundu ukafifia, katoni nikalipeleka jikoni likawekwa vitunguu. Fundi alimeza vidonge bila kukumbushwa na kunywa maji hadi akawa analalamika kwamba maisha yake yote sasa ni kwenda na kurudi chooni. Kusema nami alirudia taratibu, kwanza mambo ya pini, halafu ya chumvi, halafu usiku mmoja akanisimulia ndoto nzima. Lakini kila asubuhi aliuweka mguu juu ya kigoda chini ya meza, akashusha pumzi ya mgonjwa, akasema kukanyaga pedali bado hawezi.

"Bado linauma?"

"Mchana linatulia. Nikifikiria kukanyaga tu, linaanza."

Mimi si mjinga. Nilikuwa nimemwona akienda kununua uzi, anatembea kifua mbele, viatu vyote viwili miguuni. Alirudi na uzi, na midomo yake ilikuwa mikavu.

Basi siku moja tulikuwa tunashona kola ya shati. Nikaacha mguu mmoja ukanyage, wa pili nikautoa polepole kwenye pedali, nikausogeza mpaka kwenye kigoda, nikaweka kisigino changu juu ya dole gumba lake. Kola iliendelea. Nikaongeza uzito. Kola ikapinda kona yake vizuri kabisa, mshono umenyooka, na Fundi alikuwa anapiga mluzi. Nikakandamiza kisigino kwa nguvu za mtu anayekanyaga udongo wa kujengea. Alifika mwisho wa kola, akakata uzi kwa meno, akainua macho kuniangalia, akaona ninavyomwangalia, akainama kutazama chini ya meza.

"Ai," akasema.

"Pole. Linauma sana?"

"Sana. Sidhani kama mwaka huu nitaweza kukanyaga."

Nilitaka kukunja uso nikashindwa, furaha ilikuwa imenijaa hadi masikioni. Nikaurudisha mguu wangu kwenye pedali. Fundi akachukua kola ya pili, akaiweka chini ya sindano, akaweka mkono kwenye gurudumu, na kabla ya kulizungusha akaangalia kwanza kama niko tayari.