Dada wa Kucha

Joto lilipoanza kushika kweli kweli, wanawake wa mtaa mzima walikumbuka kwamba wana vidole. Waliingia saluni wakijipepea na chochote kilichokuwa mkononi, wakakaa mbele ya meza ndogo ya Fundi, wakasema yale yale: nataka kitu cha msimu, kitu cha kung'aa, lakini kesho nina kazi.

Fundi aliipenda sana hiyo "lakini". Kwake kazi yenyewe ilianzia hapo. Kucha za sherehe hazina ugumu. Unabandika ndefu, unamwaga mng'aro, mtu anakaa ametulia kama sanamu mpaka sherehe iishe. Ila kucha za mtu anayefua, anayefunga vifungo vya shati la mtoto, anayeshinda akibonyeza kompyuta, hizo zinataka akili. Kwa hiyo kabla joto halijakolea alikuwa ameandaa ubao wa kucha za mfano, zote fupi: rangi ya ganda la limau, buluu ya anga asubuhi, rangi ya maziwa yenye ua moja dogo, ncha nyembamba za chungwa. Chini karibu na ngozi aliacha rangi hafifu, ili kucha ikikua pengo lisionekane haraka na mtu asirudi kulalamika.

Siku moja mchana simu yake iliita. Alikuwa mdogo wake, ambaye nyumbani aliitwa Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Mama aliaga dunia Kitinda akiwa hajajua hata kufunga kamba za viatu, baba alikuwa ameshajiondokea zamani, na Fundi, naye msichana tu, akabaki naye. Alianza kupaka kucha kwenye kibaraza cha saluni ya watu, mtoto akilala chini ya meza juu ya shuka. Mitindo mipya alijifunzia kwenye vidole vya mtoto huyo huyo. Kuna siku mwalimu alimrudisha nyumbani kwa sababu alikwenda shule na kucha kumi za rangi kumi, na wakati wanazifuta walicheka hadi mbavu zikawauma. Sasa Kitinda alikuwa na kazi nzuri kwenye kampuni ya bima, na alikuwa ameposwa.

"Dada, kesho nawaleta mama mkwe na wifi yangu," alisema. "Wanataka kucha."

Fundi alikaa chini. Tangu posa alikuwa akiomba kuwaona wakwe, na kila mara kulikuwa na sababu. Mara mama amesafiri, mara mchumba ana homa, mara nyumba yao inapakwa rangi.

"Hatimaye!" alisema. "Nipike? Nifunge saluni tukae nyumbani?"

"Hapana, hapana. Usifanye makubwa, dada. Ni kucha tu."

Akafanya makubwa. Alisugua sakafu mpaka ikateleza, akaazima viti viwili vya mto kwa msusi wa chumba cha pili, ambaye alikuwa shoga yake wa siku nyingi, akavaa gauni lake la kijani ambalo huvaa mara chache.

"Utafikiri anayeolewa ni wewe," msusi akamtania.

"Nyamaza. Wakwe hao."

Walifika asubuhi jua likiwa tayari limepanda. Mama mkwe alikuwa mwanamke mpana, mwenye alama ndogo za kuungua kwenye mikono, na uso wa mtu anayecheka kabla hujamaliza kusema. Wifi alikuwa binti mrefu wa kuchangamka. Fundi alisimama, mikono ameshaifungua, tayari kumkumbatia mama.

Kitinda akamuwahi.

"Mama, huyu ndiye yule dada niliyewaambia," alisema haraka. "Dada wa kucha. Hapa mjini hana mpinzani."

Neno lilikuwa lile lile aliloitwa maisha yake yote. Lakini dada wa kucha ni kama dada wa mboga, dada wa chai, dada samahani naomba kupita. Fundi alimtazama mdogo wake akingoja acheke, aseme nawatania, huyu ndiye dada yangu, ndiye aliyenilea. Kitinda alikuwa anatazama chupa za rangi. Kisha akainua macho mara moja tu, na macho hayo yalikuwa yanaomba.

Fundi akaishusha mikono yake.

"Shikamoo mama," alisema. "Karibuni viti."

"Marahaba, mwanangu. Ee, hapa pasafi mpaka naogopa kukanyaga!"

Kitinda alitaka apakwe wa kwanza ili amalize. Alinyoosha vidole bila kuchagua kitu, akasema rangi yoyote ya kawaida. Fundi alimpaka rangi ya maziwa, akamwingiza mkono kwenye taa yake kuukuu ya kukaushia, isiyo na haraka, kisha akamgeukia mama.

"Haya mama, unapenda nini?"

"Mwenzangu, mimi napenda kuachwa," mama akacheka. "Huyu binti yangu ndiye amenikokota, eti harusi inakaribia. Mimi nina duka la mikate. Nakanda unga kila alfajiri. Sitaki mteja akute kipande cha rangi kwenye mkate wake akaja kunidai ameng'oka jino."

Fundi alicheka bila kutaka. Alimshika mikono, akaigeuza, akakagua kucha moja moja. Alimweleza kwamba kwa mtu wa unga kucha isivuke nyama ya kidole, mawe na vibandiko asiviguse, rangi iwe nyembamba na ncha izibwe vizuri ili maji yasipenye, na kwenye kukanda avae glavu. Wakapitia ubao pamoja. Mama aliitamani ya limau, akasema itaonekana kama ameshika manjano ya mchuzi. Aliitamani ya buluu, akasema wateja watadhani ana ugonjwa wa moyo. Mwishowe akaangukia ile ya maziwa yenye ua dogo jeupe kwenye kidole cha pete.

"Hii hata nikiwa kanisani au sokoni au kwenye tanuri, haina neno," alisema.

Wifi yeye alitaka tikiti maji, vidole vyote, na ndefu.

"Unafanya kazi gani?" Fundi akamuuliza.

"Mapokezi hospitalini. Kuandika tu kwenye kompyuta siku nzima."

"Basi tukubaliane. Fupi, kijani kilichopauka vidole vyote, tikiti tuliweke kwenye kidole gumba tu. Utaliona kila ukishika kalamu."

"Dada huyu ana maneno!" wifi akasema, na wakakubaliana.

Fundi alikuwa anachora petali ya tatu ya lile ua mama aliposema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na rafiki, "Nimefurahi leo kutoka na mkwe wangu. Maskini hana mtu. Mtoto wa pekee, wazazi wametangulia, aliyemlea ni mjomba, naye yuko ng'ambo. Nimemwambia, mama yako sasa ni mimi."

Brashi ikateleza. Petali ikatoka kama mkia wa panya. Fundi aliomba radhi, akaifuta kwa pamba, akaanza upya. Mkono wa Kitinda ulikuwa bado kwenye taa.

Wifi, aliyekuwa anamsubiri mama yake amalize, aliinama juu ya meza. "Ebu ngoja," alimwambia Kitinda, akiutazama mkono wake uliobaki mezani. "Mbona vidole gumba vyenu vinafanana hivi? Wewe na dada. Vifupi, vipana, kucha imelala. Kama ndugu!"

Fundi aliacha kupaka. Aliona mlango umefunguka wenyewe, bila yeye kuugusa, na kilichobaki kilikuwa hatua moja ya mdogo wake.

Kitinda alicheka. Kicheko chepesi, kizuri, cha ofisini.

"Ah, wifi na wewe! Vidole gumba vya watu wangapi havifanani?"

Kuanzia hapo Fundi alifanya kazi kama mtu anayefua nguo za msiba. Mikono ilijua njia, ikaenda yenyewe. Mama aliuona ukimya, akadhani amechoka, akamtafutia mazungumzo.

"Na wewe, mwanangu, una ndugu?"

"Nina mdogo wangu mmoja, mama."

"Yuko wapi?"

"Yuko mbali," Fundi alisema. "Sikujua kama ni mbali kiasi hiki."

Kitinda aliuchomoa mkono kwenye taa kabla ya wakati wake, ukagusa sketi, rangi ikatapakaa. Akasema si kitu.

Walipomaliza, mama aliinyoosha mikono yake mbele ya dirisha, akaisifu kwa sauti iliyomfanya msusi achungulie. Alimshukuru Fundi, akambariki, akatoka na binti yake. Kitinda aliwaambia watangulie, amesahau kitu. Hakuwa amesahau kitu.

"Dada, nisikilize."

"Nasikiliza."

"Siku ya kwanza nilipokwenda kwao kulikuwa na wageni. Wakaniuliza nimelelewa na nani. Ikanitoka tu, mjomba. Sijui hata ilitoka wapi. Baadaye nikashindwa pa kuanzia kuirudisha."

"Uliniona aibu."

"Siyo wewe! Ni yale maisha. Kibaraza, chini ya meza, kuombaomba chumvi. Sikutaka wanihurumie."

"Yale maisha yalikuwa ni mimi na wewe, Kitinda. Hakukuwa na mtu mwingine ndani yake."

Kitinda alifuta jicho kwa mgongo wa mkono, akiogopa kuharibu kucha. Kisha akasema lile lililomleta. "Nimefikiria. Siku ya harusi uje asubuhi, utupake sisi wote, mimi na mawifi. Utakuwepo. Utaniona navyotoka."

"Wakati wa picha nitakaa wapi?"

Kitinda alitazama mlangoni.

"Nenda," Fundi alisema. "Wanakungoja."

Msusi alikuja baada ya muda kuchukua viti vyake. Alikuta Fundi amesimama katikati ya saluni na lile gauni la kijani.

"Vipi? Wakwe wakoje?"

"Watu wazuri," Fundi alisema. "Watu wazuri sana, shoga yangu." Hapo ndipo alipolia. Wangekuwa watu wa kiburi, wa kubinua midomo, angalau angepata wa kumlaumu.

Siku zilizofuata Kitinda alituma ujumbe juu ya ujumbe. Usiseme kitu, dada. Nakuomba, mpaka harusi ipite. Fundi hakujibu hata mmoja. Naye hakuwa na mpango wa kusema, angemwambia nani?

Lakini mama mkwe alirudi. Alikuja peke yake, ana unga kwenye nywele, kucha zake bado nzima. Alikaa bila kukaribishwa.

"Sikuja kupaka," alisema. "Nilikuuliza una ndugu, ukanijibu. Hilo jibu lako limekataa kunitoka kichwani. Halafu binti yangu hanyamazi na hivyo vidole gumba. Niambie, mwanangu. Yule ni nani wako?"

Fundi aliutazama uso wa yule mama. Kusema uongo ilikuwa rahisi, neno moja tu. Lakini angekuwa ameukana ule utoto kwa mdomo wake mwenyewe, na wa kuukumbuka walibaki wawili tu, na mmoja alikwisha kujitoa.

"Ni mdogo wangu, mama. Tumbo moja."

Mama alishika kichwa. "Kisa ni nini? Mimi nauza mikate! Mume wangu alikuwa mlinzi wa ghala mpaka anakufa. Alidhani sisi ni kina nani?"

"Sijui. Hilo mwenyewe ndiye wa kulijibu. Ila usimvunjie harusi kwa ajili yangu."

Kesho yake Kitinda aliingia saluni mbele ya wateja wawili, hakusalimia mtu.

"Umeniharibia! Nilikuomba kitu kimoja, dada. Kimoja! Sasa mama hanitazami, mchumba wangu ananiuliza nimedanganya mangapi mengine."

Fundi alikuwa ameshika mkono wa mteja. Hakuuachia.

"Niliulizwa nikajibu," alisema. "Wewe uliulizwa mbele yangu, ukacheka."

Wateja wakatazama chini. Kitinda alitoka, na viatu vyake vikasikika mpaka mwisho wa kibaraza.

Harusi haikuvunjika. Mama mkwe mwenyewe alileta mwaliko, akasema ametenga kiti cha mbele upande wa ndugu, na atakayeuliza ataambiwa. Fundi alimshukuru kwa moyo wote. Alingoja simu ya Kitinda. Wiki ikaisha bila simu. Kiti alikuwa amepewa na mkwe; aliyepaswa kumwita hakumwita.

Siku ya harusi alifungua saluni kama kawaida. Mchana aliingia mama mmoja dereva wa lori, anataka rangi itakayopendeza kwenye usukani na isionyeshe vumbi, nao walibishana kwa raha kati ya chungwa na kijani. Akiwa anampaka, msusi alirudi; alikuwa amekwenda kanisani kusimama nyuma, eti kuangalia misuko ya nywele.

"Kapendeza?" Fundi akauliza, macho yakiwa kazini.

"Kapendeza. Ila alikuwa anageuka geuka, anatazama mlango."

Fundi aliugeuza mkono wa dereva. "Kucha alipakwa na nani?"

"Sijui. Ndefu, nyeupe, zimejaa mawe."

"Hazitamfikisha Jumatatu. Anashinda kwenye kompyuta yule."

"Akija azitoe, utampokea?"

Fundi alitikisa chupa ya chungwa, akaifungua, akafuta brashi kwenye ukingo wake.

"Sijui," alisema. "Leo usiniulize." Akamwomba dereva anyooshe kidole kinachofuata.