Dawa ya Kushoto

Mimi ni mashoto. Nalisema mapema kwa sababu ndilo lililoniponza katika jambo hili la dawa ya magugu, ambalo mpaka leo sijalielewa vizuri.

Baba mkwe wangu, mzee Idefonsi, hajawahi kula chakula nilichopakua kwa mkono wa kushoto. Nina miaka kumi na mmoja ya ndoa hapa Bugarama, na mkono wangu wa kulia umejifunza upawa kwa shida. Kila siku unamwaga mchuzi. Shamba ni la mzee. Mwaka huu mgongo wangu umekataa jembe, kwa hiyo bila dawa mahindi yetu yangemezwa na magugu.

Nilipanda Jumatatu. Dawa hii hupulizwa kabla magugu hayajachomoza, yaani ndani ya siku mbili tatu tu za kupanda. Jumanne nikaenda kwa Jovitus, muuza pembejeo, nikaomba ile ya mwaka jana, metolaklori. Akanipa chupa yenye jina lilelile, ila mbele yake kuna herufi S na kistari. Hata kipimo kimepungua: mwaka jana vifuniko vitatu kwa bomba moja la kupulizia, hii viwili.

"Ni ileile," Jovitus alisema, "lakini si ileile."

Sasa hilo ni jibu gani la kumpa mtu mwenye mgongo mbovu? Nilirudi nyumbani nikiwaza kama S ni sumu, au safi, au samahani.

Mzee alivaa miwani akaichunguza chupa. Alisoma seminari miaka mitatu, na Kilatini chake hakijawahi kupata kazi.

"S ni sinister," alisema. "Maana yake kushoto." Akautazama mkono wangu. "Dawa ya kushoto haiingii shambani kwangu."

Nikampigia simu Jovitus aje amweleze mzee kwamba amekosea. Akafika Jumatano asubuhi, akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, nami nikamsimulia. Akaduwaa.

"Mzee amejuaje? Chuoni tulifundishwa hivyohivyo."

Nilitamani kumpiga kwa chupa.

Jovitus akavua gambuti zake, akazisimamisha mlangoni. Alisema chembe za dawa ni za namna mbili, zinafanana kama gambuti hizi, ila ya kulia haikai mguu wa kushoto. Dawa ya zamani ilikuwa mchanganyiko, nusu kwa nusu. Lakini gugu lina mguu wa kushoto tu. Siku hizi kiwandani wana kitu kama kalibu ya matofali, kinatoa karibu zote za kushoto, ndiyo maana kipimo kimeshuka.

"Gugu lina mguu?" niliuliza.

"Ni mfano, mama Ineza."

"Na zile za kulia za mwaka jana zilikwenda wapi?"

"Ulizimwaga tu chini. Hazikuua kitu cha maana."

Kichwa kiliniuma. Mzee akachukua gambuti ya kulia, akaijaribu mguu wa kushoto, ikamkwama kisiginoni. Akahangaika nayo, akaivua.

"Kwa hiyo ya kulia ndiyo haifanyi kazi," alisema polepole.

"Kwa magugu haya, ndiyo, mzee."

"Hilo hatukufundishwa." Akanirudishia chupa. "Kapulize."

Nilivaa glavu na bomba. Mpini wa bomba nikauhamishia kulia, fimbo ya kupulizia nikaishika kwa kushoto, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mbele yake. Mistari ikanyooka. Yeye alisimama pembeni mwa shamba mpaka nikamaliza, na mimi niliogopa sana.

Mchana nilinawa kwa sabuni mara mbili, nikaandaa ugali na maharage. Nikashika upawa kwa mkono wa kulia kama kawaida, na mchuzi ukamwagika mkekani kama kawaida. Mzee akaivuta sahani yake.

"Mama Ineza," alisema bila kunitazama, "acha kumwaga nusu chini. Shika kwa ule mwingine."

Nikauhamisha upawa. Mkono wa kushoto, kwa woga, nao ukamwaga.

Akala.