Kasha Lililorudi na Mandazi

Wanaosema Nkatha alikuwa na dharau hawamjui Nkatha. Mtu wa Maua, kule Meru, aliyelelewa na mama wa kukufinya sikio ukisahau kusalimia, atatoa wapi dharau? Kosa alifanya, sikatai. Lakini lilikuwa kosa la mtu mwenye adabu, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Kwa miaka minne alimtunza bibi mmoja wa Kizungu, Abigail, hapo Rockville, Marekani. Alimwosha, alimlisha, alimchana zile nywele chache zilizobaki. Mama yake Nkatha alipofariki Meru, naye hana karatasi za kumwezesha kwenda na kurudi, Abigail ndiye aliyemkumbatia jikoni akalia naye mpaka chai ikapoa. Siku hiyo Nkatha alimwahidi. "Mama yangu sikumshika mkono," alimwambia. "Wewe nitakushika. Siku yako ikifika, nitakuwa hapo." Na tangu hapo hakukuwa na kitu alichokitaka zaidi duniani kuliko kulitimiza neno hilo.

Sasa, sebuleni kwa Abigail kulikuwa na kasha la Kifaransa, la zamani za wafalme. Mumewe alimnunulia Paris walipooana. Lilivikwa gamba la kasa, jekundu ukilielekeza kwenye jua, na humo kwenye gamba shaba imekatwa nyembamba ikapachikwa, maua na ndege na vijitawi, hata huoni palipounganishwa. Halikuguswa na maji. Nkatha alilipangusa kwa brashi laini, na Abigail alikaa kumtazama mpaka amalize. Ethan, mtoto wake wa kumzaa, hakuruhusiwa hata kuliinua.

Krismasi moja Abigail akalijaza chokoleti, akalifunga kwa skafu yake, akampa Nkatha mlangoni. "Peleka nyumbani," akasema, akageuka kwenda zake kwenye televisheni. Sipendi kumlaumu marehemu, lakini angeongeza neno moja tu, moja, haya yote yasingetokea.

Nkatha alipokea kwa mikono miwili. Nyumbani watoto wakala chokoleti, kasha likawekwa juu ya friji, na onyo likatolewa: atakayeligusa atanijua. Binti yake mkubwa akamwambia, kwa kile Kiingereza chao cha shuleni, kwamba lile kasha lenyewe ndilo zawadi.

"Wewe unajua nini?" Nkatha akamjibu. "Nimepewa chokoleti. Chombo kina mwenyewe."

Maana kwao, na kwenu pia kama mlilelewa, jirani akikuletea maharagwe kwa bakuli, bakuli si lako. Unalirudisha, na hulirudishi tupu. Mkono mtupu haulambwi.

Basi akaamka mapema, akakanda unga, akatia iliki, akakaanga mandazi. Akayaacha yapoe kabisa, joto lisije likaibandua shaba, akayafunga kwa karatasi ya foili na kuyapanga ndani ya kasha. Akalipakata kwenye basi njia nzima. Alipofika akaliweka mezani mbele ya Abigail akitabasamu, na hakueleza kitu, kwa sababu adabu haielezwi.

Abigail akafungua. Akayatazama yale mandazi kwa muda mrefu.

"Umelirudisha," akasema.

"Ndiyo, Mama. Asante sana."

Hakula hata moja.

Wiki iliyofuata ofisi ya kazi ikampigia Nkatha: mteja ameomba mtu mwingine. Kwa nini? Hakusema. Nkatha akapiga simu kwa Abigail, Ethan akapokea, akasema mama amepumzika. Akapiga tena, bado amepumzika. Ofisi ikampeleka College Park kwa mzee mwingine, naye akaenda, atafanyaje. Nilimkosea nini? alijiuliza huku akimkorogea yule mzee uji. Na kusema kweli alianza kumchukia Abigail. Wazungu ndio hao, alijiambia, leo wanakukumbatia, kesho hawakujui. Mwezi wa tatu Abigail akafa, na Nkatha aliambiwa baada ya mazishi.

Majira ya joto yalipofika, kanisani kwao kwenye ibada ya Kiswahili kulikuwa na chakula cha pamoja. Nkatha akajikuta anaosha sufuria na mama mmoja wa Burundi aitwaye Anysie. Walipotajiana majina, Anysie akaacha kusugua.

"Ni weye Nkatha? Wa bibi Abigail?"

"Ndiye mimi. Ulimjua?"

"Mimi ndiye nilishika kazi yako." Hakumtazama. "Una roho ngumu, dada. Bibi alikupa kitu alichokipenda kupita vyote, ukamrudishia. Alinionyesha lile kasha akilia. Alisema, niliyemwita mtoto wangu hataki hata ukumbusho wangu."

Nkatha akaiachia sufuria ndani ya sinki. "Sikulikataa. Nilidhani ni chombo cha chokoleti. Nililijaza mandazi, Anysie. Sikulirudisha tupu."

Sasa Anysie akamtazama. Kwao Burundi pia kikapu cha mtu hakirudi kitupu, na aliyaelewa yote palepale, bila kuelezwa zaidi.

"Yesu wangu," akasema polepole. "Hata mimi ningelirudisha."

"Alikufa peke yake?"

"Hapana, nilikuwa hapo. Lakini alikuwa anakuita weye. Mwishoni hasira ilimtoka, akawa anauliza tu, Nkatha amefika? Ethan akamwambia uko njiani."

"Ethan hakunipigia simu."

"Alituambia amekupigia."

"Nilikuwa College Park," Nkatha akasema. "Hapo tu. Ningekuja na nguo zangu za kazi."

Anysie alijipangusa mikono kwenye leso yake, taratibu, kidole kwa kidole.

"Tulikungoja, dada," akasema. "Alikataa dawa ya maumivu kwa sababu ilikuwa inamlaza. Alisema usije ukafika ukamkuta amelala."