Jina la Tano Kwenye Kibao

…na hata neno lenyewe wameliunga kama vipande viwili vya bati, Hunger ni njaa, Not ni dhiki, anaeleza Gladness, binti wa makumbusho, huku karatasi ya kibao cha kumbukumbu ya waliopotea kwenye njaa, kitakachosimikwa Mvumi, iko mezani, “Hungersnot, babu, ndivyo Wajerumani walivyoandika kwenye taarifa zao,” na Mzee Sostenes Chilewa ameshika kalamu, hasaini, njaa na dhiki, kana kwamba ilidondoka mawinguni, kana kwamba si askari wao waliozoa mtama ghalani na ng’ombe zizini kulisha vita yao, sisi tuliita Mtunya, kila njaa ya Ugogo ina jina lake kama mtu, wao wana neno moja kwa njaa zote… na huyu binti naye, kasoma miaka mitatu Ujerumani, kaandika Zablon kati ya wanne wa ukoo waliopotea, “Futa huyo Zablon. Zablon ni mjukuu wake. Huyu alikufa hajabatizwa, aliitwa Mugonza.” “Haya babu, usinichape,” anacheka, anacheka nini, “ila hiyo Not, babu, zamani haikuwa dhiki tu, ilikuwa kulazimishwa, kubanwa kwa nguvu,” kulazimishwa na nani, neno lako halina mtenda… kulazimishwa… nililazimika, ndivyo babu yake Sostenes alivyosema kila alipolewa, nililazimika, na hakuna aliyemuuliza kitu, watoto wake walikuwa wawili, wa kike akapelekwa Kolo akabadilishwa kwa mtama, wa kiume akaula ule mtama, akakua, akamzaa Sostenes, na Sostenes akawa karani wa kanisa miaka thelathini, akiwagombeza watu kwa majina yao kwenye daftari la ubatizo, wewe ni binti wa nani, sema vizuri, na shangazi yake mwenyewe hakumwandika popote, ng’ombe walichukua Wajerumani, ndiyo, na walaaniwe, lakini binti hawakumchukua wao, alishikwa mkono na baba yake, tena asubuhi, njia nzima akiulizia maji… “Kwa hiyo ni hawa wanne tu, babu?” kalamu ingali hewani, wino haujagusa karatasi, Gladness anasubiri na tabasamu lake lile lile, na yeye hamwoni tena, mtama ule uliisha kabla ya mvua, jina tumelila miaka mia na bado tunatafuna, Nyemo, Nyemo binti Chilewa, wa tano, alikuwa na miaka saba…